Nani Anaipima Hewa Yetu? Mlima Kenya, Bahari ya Hindi na Maziwa ya Mama

(Haya ni maneno niliyoyazungumza mbele ya Waswahili wenzangu mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

 

Nimeombwa nizungumze mambo ya afya, na najua wengi mlitarajia sukari na presha. Hayo tutayarudia siku nyengine, maana kwa biriani niliyoiona jikoni hatutayakimbia. Leo nataka kusema juu ya sumu zenye klorini ambazo haziozi, zilizomo kwenye hewa na maji ya bahari hata pahala ambapo hapana kiwanda wala shamba. Na nataka kuuliza nani anayezipima huko kwetu. Suali la kwanza ni la hospitali. La pili ni la siasa, na ndilo linaloniudhi zaidi.

Mimi ni nesi, si mkemia. Lakini nina digrii yangu, najua kusoma ripoti, na najua mgonjwa asiyepimwa hutibiwa kwa kubahatisha.

Niliingia kwenye jambo hili kwa sababu ya suali ambalo kina mama huniuliza kwa kunong'ona: "Dada, nimesikia maziwa yetu yana sumu ya DDT. Nimwachishe mtoto?" Jibu nalitoa mwanzo ili asiwepo atakayeondoka na khofu. Hapana, usimwachishe. Shirika la Afya Duniani limeyapima maziwa ya mama katika nchi nyingi kwa miaka mingi, limezikuta sumu hizi, na bado linasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita na aendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Faida ni kubwa kuliko khatari. Na maziwa ya kopo yanayochanganywa na maji ya kisima yana maradhi yake, ambayo sisi manesi tumeyaona kwa macho.

Lakini suali la yule mama si la kijinga. Sumu zimo. Zimefikaje?

Tunazungumzia DDT, ambayo wazee wetu wa Unguja na Pemba wanaikumbuka tangu kampeni ya malaria iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kusimamishwa 1968, nyumba zikipuliziwa dawa kutani. Tunazungumzia dieldrini, iliyotumika kwenye kampeni hiyo hiyo. Kuna lindeni na ndugu zake, dawa za wadudu wa mashambani. Kuna toksafeni, iliyotiwa kwenye majosho ya ng'ombe ili kuua kupe. Na kuna PCB, mafuta yaliyotiwa kwenye transfoma za umeme kwa sababu hayashiki moto upesi. Hili la PCB lisikilizeni vizuri, kwa sababu Kenya wezi wameiba mafuta ya transfoma miaka na miaka, na khabari zilizoandikwa ni kwamba yanauzwa kwa wakaanga chipsi, na wako wanaojipaka kwenye vidonda. Si kila transfoma ina PCB, mpya hazina. Ila mwizi hasomi kibandiko.

Sumu hizi zina tabia tatu. Hazivunjiki upesi, zinaweza kukaa kwenye udongo makumi ya miaka. Zinapenda mafuta na kuchukia maji, kwa hiyo zikiingia mwilini hazitoki na mkojo, hukaa kwenye shahamu na kutoka na maziwa. Na husafiri.

Kwa kusafiri, fikirini udi. Ukichoma udi sebuleni, moshi hupanda, huenda chumba cha ndani, hukaa kwenye mapazia na makoti, na wiki ya pili ukilifungua kabati harufu ipo. DDT iliyopuliziwa pahala pa joto hupanda na hewa, huchukuliwa na upepo, hewa ikipoa hushuka, jua likitoka hupanda tena. Huenda kwa kuruka ruka kama panzi mpaka ifike kwenye baridi, na huko hukosa joto la kuinyanyua. Kwa hiyo ncha za dunia zimekuwa kabati la udi wa watu wengine.

Miaka ya 1980 daktari mmoja wa Quebec, Canada, Eric Dewailly, alikuwa akipima PCB kwenye maziwa ya kina mama wa kusini, kwenye viwanda na miji. Alihitaji maziwa safi ya kulinganishia, na mkunga mmoja akamletea ya kina mama wa Inuit wa kaskazini, kwenye barafu, kusiko na kiwanda hata kimoja. Maziwa yale "safi" yalikuwa na PCB kiasi cha mara tano ya yale ya kusini. Wale kina mama walikuwa wakila nyangumi na sili, na nyangumi alikuwa amekula samaki, na samaki amekula vijidudu vya bahari, kila mmoja akimrithisha mwenzake sumu aliyoikusanya. Kina mama hawa hawakuwahi kuinunua wala kuiona PCB. Khabari kama hizi ndizo zilizowasukuma wakubwa wa dunia kuandika Mkataba wa Stockholm mwaka 2001, ukaanza na sumu 12, ukaanza kufanya kazi Mei 17, 2004. Tanzania, Kenya na Uganda ziliridhia mwaka huo huo wa 2004. Saudia hapa iliridhia 2012. Marekani iliweka saini 2001 na mpaka leo haijaridhia. Mtanisamehe kwa kulisema hilo, lakini wale wanaopenda kutusomea hutuba za mazingira waanze na hilo.

Mkataba una kifungu, cha 16, kinachosema lazima ipimwe kama unafanya kazi. Na hapo ndipo hewa ya mbali inapokuja. Kwa nini upime pahala pa mbali? Kwa sababu ukipima jaa la Dandora, Nairobi, utajua khabari za Dandora. Moshi wa taka zilizochomwa jana utafunika kila kitu. Ukipima juu ya Mlima Kenya utajua dunia nzima inafanya nini.

Mlima Kenya pana kituo cha hewa, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kinachoendeshwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ndani ya mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani tangu 1999. Chombo cha kupimia sumu hizi hapo ni rahisi mpaka mtu acheke. Ni mabakuli mawili ya chuma kisichoshika kutu, moja limefunikizwa juu ya jengine, na ndani kuna kipande cha sponji cha duara, sponji ya namna ile ile ya godoro. Hakina umeme wala feni. Upepo unapita, sponji inanyonya, kidogo kidogo, kiasi cha mita za ujazo tatu au nne za hewa kwa siku. Baada ya mwezi, au miezi mitatu, sponji inafungwa kwenye chupa na kupelekwa maabara. Mtandao mmoja wa sponji, wa Canada, ulianza Desemba 2004 na kuenea mabara yote. Mwengine ni wa Chuo Kikuu cha Masaryk, mji wa Brno, Jamhuri ya Czech, ambao mwaka 2008 ulitega sponji zake katika zaidi ya nchi kumi za Afrika. Mlima Kenya ulikuwemo, na Dandora pia.

Kitu kilichonipendeza mimi kama nesi ni kwamba kila safari huchukuliwa sponji nyengine ambayo haitegwi. Inapanda mlima, inashuka, inarudi maabara. Kazi yake ni kusema uchafu kiasi gani umeingia njiani, mikononi, kwenye gari, kwenye chupa, ili usije ukausingizia mlima.

Sponji ni kazi ya mtu mwenye subira. Maji ya bahari ni kazi ya mtu mwenye meli.

Hesabu ya bahari ni hivi. Sumu hizi kwenye bahari kuu huhesabiwa kwa pikogramu katika lita. Pikogramu moja katika lita ni sawa na gramu moja katika maji yenye urefu wa kilomita moja, upana wa kilomita moja na kina cha kilomita moja. Gramu moja ni panadol mbili. Chukueni panadol mbili mzitie hapo Bahari Nyekundu, kwenye kipande cha ukubwa huo, kisha mwambieni mtu akazitafute. Ndiyo maana wanapampu mamia ya lita kupitia chujio na gundi maalumu, na wanapampu mbali na meli yenyewe, kwa sababu rangi ya meli, moshi wake na mafuta yake vina sumu kuliko bahari yote wanayotaka kuipima. Chombo cha hewa kinafungwa mbele kabisa, kwenye omo, na upepo ukigeuka ukatoka kwenye bomba la moshi, kinazimwa.

Kazi hii imefanywa kwenye bahari yetu, lakini kwa kupita. Mwaka 1982 Bidleman na Leonard, Wamarekani, walichapisha vipimo vya dawa za wadudu kwenye hewa ya kaskazini ya Bahari ya Hindi na bahari zilizo jirani. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Ehime walipima hewa na maji ya bahari nyingi za dunia mwaka 1989 na 1990, wakaona DDT imezidi kwenye bahari za joto za Asia, na jamaa za lindeni zimezidi kwenye bahari za baridi za kaskazini. Yaani ile safari ya udi ilionekana kwenye maji. Baadaye, katikati ya miaka ya 2000, Wurl na wenzake wakapima hewa ya katikati ya Bahari ya Hindi, mbali na bara lolote, na sumu hizi zikapatikana huko pia.

Na kuna yule samaki wa Komoro, ndugu zetu Wangazija wanamjua, gombessa, silakanti kwa jina la kitaalamu, samaki aliyedhaniwa amekwisha duniani mpaka akapatikana hai Afrika Kusini mwaka 1938. Anakaa kwenye mapango chini ya bahari, kiasi cha mita mia mbili. Mwaka 1991 ilichapishwa kazi ya Wamarekani waliopima nyama na mafuta ya silakanti kutoka Komoro. Walikuta DDT na PCB. Kizazi chake kimekaa chini huko mamilioni ya miaka, na sisi imetutosha miaka hamsini kumfikia. Mwaka 2017 ikatolewa kubwa zaidi: vijidudu vya kwenye shimo la Mariana, bahari ya Pasifiki, kilomita saba na zaidi chini, vilikutwa na PCB kiasi cha mara hamsini ya kaa wa mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa na mto mmoja mchafu sana China.

Kwa nini nakupigieni hadithi zote hizi? Kwa sababu kipimo cha mbali kina uwezo wa kurudi nyuma na kumwonesha mwenye kosa. Mwaka 2011 watafiti waliopita na meli pwani ya Afrika Magharibi walieleza kwamba hewa ya huko imezidi PCB kwa kiasi kisichotegemewa. Afrika Magharibi haikuwa kituo cha kutengeneza PCB. Imetoka wapi? Walioandika walielekeza kidole kwenye taka za umeme zinazoletwa kutoka nchi tajiri na kwenye meli mbovu zinazotupwa ufukweni kule Mauritania. Hewa ilitoa ushahidi ambao karatasi za forodha haziutoi. Pwani yetu, kutoka Lamu mpaka Mtwara, nani anapita na chombo hicho kila mwaka? Kompyuta na friji za mitumba tunazijua zinashuka wapi. Nyengine tunazituma sisi wenyewe kwenye makontena kutoka bandari ya Jeddah, kwa nia njema.

Na haiji na makontena ya biashara tu. Inakuja na misaada. Nawaomba mlikumbuke jina Vikuge. Ni shamba la serikali wilaya ya Kibaha, mkoa wa Pwani, shamba la majani ya mifugo. Mwaka 1986 ilipelekwa hapo shehena ya tani 170 za dawa za wadudu, msaada kutoka Ugiriki, na sehemu ya dawa hizo zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Ziliwekwa kwenye banda, banda likaanguka, mvua ikanyesha. Watafiti walipokwenda baada ya shehena kuondolewa, wakachapisha matokeo yao mwaka 2004, walikuta udongo wa juu pahala pale una karibu asilimia 30 DDT. Si pikogramu hizo! Karibu theluthi ya udongo ni dawa. Na visima vya jirani vilikuwa na mabaki.

Msaada gani huu? Mtu akikupa dawa iliyokwisha muda hospitalini unaitia kwenye ndoo ya taka na kuandika ripoti. Nchi ikipewa tani 170 inaandika barua ya shukrani. Na kutoka Vikuge kila jua linapowaka kuna kitu kinapanda na hewa. Kinakwenda wapi? Kaskazi na kusi zinajua. Hapakuwa na sponji Pemba wala Mafia ya kutueleza.

Nisije nikaeleweka vibaya juu ya DDT. Mimi nimewahi kumshika mtoto anayekata roho kwa malaria, na simsikilizi mtu wa Ulaya anayeniambia DDT ni haramu hali yeye aliimaliza malaria yake kwanza. Mkataba wenyewe unaruhusu DDT kwa mbu pale ambapo hapana njia nyengine, na Shirika la Afya Duniani lilisema Septemba 2006 kwamba kupulizia ndani ya nyumba kunakubalika. Lakini tazameni Uganda 2008. Walipulizia Apac na Oyam, wakulima na makampuni ya pamba ya asili wakapiga kelele kwamba wanunuzi wa nje watawakimbia, mambo yakaenda mahakamani na kupulizia kukasimamishwa. Kila upande ulikuwa na khofu yake, na waliobaki na mbu ni wenye nyumba. Vipimo vya kabla na baada, hewani, kwenye udongo, kwenye maziwa, vinavyofanywa na maabara ambayo watu wanaiamini, ndivyo ambavyo vingewapa jambo la kujadiliana.

Au tazameni samaki wa Ziwa Victoria, 1999. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa khofu ya sumu za wadudu, baada ya khabari za watu kuvua kwa sumu. Mvuvi ambaye hajawahi kushika sumu alirudi na sangara asiye na mnunuzi. Kuthibitisha kwamba samaki ni salama kulitaka maabara, na maabara zinazokubalika huko Ulaya zilikuwa adimu kwetu.

Sasa linganisheni na Sweden. Stockholm wamekuwa wakiweka maziwa ya mama tangu miaka ya 1960 mwishoni, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2000 walichapisha mstari wa miaka thelathini, na mstari unashuka: sumu za klorini zimekuwa zikipungua kwa nusu kila baada ya miaka 4 mpaka 17, kwa kutegemea ni ipi. Mama wa Kiswidi akiuliza lile suali la kunong'ona, nesi wake anafungua karatasi na kumwonesha. Mimi nikiulizwa, namwonesha ya Sweden.

Kwetu yapo, nisiseme uongo. Kenya na Uganda zilishiriki kwenye upimaji wa maziwa wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, na vipimo vya Afrika vimeingia kwenye ripoti za bara. Lakini ni nukta moja hapa na moja pale, na nukta mbili hazisemi kama mstari unapanda au unashuka. Sponji husafiri Brno, maziwa husafiri Freiburg, Ujerumani. Mradi ukimalizika bakuli linabaki mlimani bila sponji. Na kwa hizi sumu za zamani za klorini, mkataba unategemea zaidi hewa na maziwa au damu, si maji ya bahari. Kwa hiyo Bahari ya Hindi inasubiri meli ya mgeni itakayopita. Taasisi ya Sayansi za Bahari tunayo, Zanzibar, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyuo vya Nairobi, Makerere na Dar vina wakemia wanaojua kazi hii kuliko sifa wanazopewa. Kinachokosekana ni fungu la bajeti la kila mwaka, lisilotoka kwa mfadhili. Sponji si ghali, ghali ni mashine ya kusomea na mtu wa kuihudumia. Serikali zetu zinanunua magari ya msafara kwa fedha hizo na kubakisha chenji.

Wengi wenu mnarudi nyumbani kujifungua. Upimaji wa maziwa hutaka kina mama hamsini wenye mtoto wa kwanza, walio chini ya miaka 30, walioishi eneo lile kwa miaka kadhaa. Maziwa yao huchanganywa kuwa sampuli moja, kwa hiyo hakuna anayejulikana kwa jina. Dada zenu na mabinti zenu huko ndio watakaoombwa. Wakiombwa watoe. Na kabla ya kuweka saini waulize mambo mawili: majibu yatarudi lini, na yatasomwa kwa Kiswahili kwenye kliniki gani.

Kuhusu papa mkavu, kwa kuwa najua ndilo suali la kwanza litakaloulizwa: papa ni mlaji mkubwa, amekaa juu ya ngazi ile ile ya nyangumi wa Inuit. Mwenye mimba apunguze, ale zaidi dagaa na samaki wadogo. Wengine kuleni kwa kiasi, na aliyeletewa wiki hii kutoka Unguja asinifiche.